Barua kwa Shee: hiyo RX-8 ya Nyali iache

Malindi, Jumapili usiku

Shee yakhe,

Salaam aleikum. Habari za Amu, wazee hawajambo hapo Matondoni? Mpe babako shikamoo yangu na umwambie lile dau lake jipya nimeliona kwenye picha, limekaa vizuri.

Sasa tuje kwa kisa chako, cha hizo gari tatu unazoziwaza kununua: Mazda RX-8 ya Nyali huko Mombasa, Subaru Impreza na Toyota 86. Picha zote kumi na moja nimezipata na ile sauti ya dakika nne nimeisikiza mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, ya pili nikishika kichwa. Ati mtu aliyekulia kisiwa ambacho usafiri ni punda na boti, udereva amejifunzia hapa Malindi kwa Probox iliyokwisha klachi, gari yake ya kwanza ya kwendea kazini kila siku iwe RX-8 nyekundu! Lakini sikulaumu, manake mi mwenyewe ile milango yake ya nyuma inayofunguka kinyume ndiyo iliyonipofusha, nikatoa pesa kabla hata sijainama kuangalia chini.

Ngoja nikwambie kitu broka hatakwambia. Ile injini haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu zinazunguka tu, jumla sisi 1308, ndio maana watu wanadanganyika eti injini ni ndogo kama ya Vitz itakula kidogo. Wapi! Mi kwa mizunguko ya hapa mjini, Lamu Road na Casuarina, nikipata kilomita saba kwa lita nashukuru Mungu. Kwenye ncha ya kila rota kuna sili, kichuma chembamba cha kama milimita mbili hivi, na kazi yake we utaielewa kuliko hao madereva wa Nairobi: ni kalafati, ile ya kuziba mianya ya mbao za dau. Ikishika, chombo kinakwenda, ikilegea hata uweke tanga gani utashinda unachota maji. Na zile sili zinalainishwa na oili ambayo injini yenyewe inaipuliza ndani iungue pamoja na petroli, yaani oili kupungua si ugonjwa, imeumbwa hivyo. Ukikaa mwezi mzima hujachomoa kijiti cha kupimia oili ukaangalia basi umeiua mwenyewe.

Na kuna ile siku, sijui kama nilikuhadithia. Ilikuwa wakati wa kusi, mvua ya alfajiri, jirani anataka kutoa tuktuk yake na gari yangu imemzibia, mi niko bafuni. Mke wangu akatoka, akawasha, akairudisha nyuma kama mita tatu, akazima, akarudi kukaanga mahamri. Mambo ya sekunde ishirini. Kwa gari nyingine yoyote hapa mtaani hilo si kosa, lakini RX-8 ikiwa baridi inajimwagia petroli nyingi, ukiizima kabla haijapata moto plagi zinalowa chapachapa. Nikatoka nimevaa, mtoto na begi lake la shule yuko kiti cha nyuma, nawasha, stata inazunguka kama feni, hakuna kitu. Nikazungusha mpaka betri ikafa. Mtoto akapelekwa na tuktuk ileile iliyoleta balaa.

Fundi wangu wa Barani alikuja saa tatu, akachomoa plagi zote nne, akazipangusa kwa shati lake, akazikausha kwa kiberiti cha gesi, akaleta betri ya kuazima, kisha akaniambia nikanyage mafuta mpaka mwisho huku nazungusha stata. Nikamwambia we unataka kuizamisha zaidi, akasema kanyaga tu, ukifika chini kabisa kompyuta inakata petroli, inavuta hewa peke yake. Kweli ikawaka, lakini moshi uliotoka pale yakhe! Uchochoro wote mweupe, jirani wa nyuma akatoka mbio na ndoo ya maji. Tangu hapo nyumbani kwetu kuna sheria: gari ikiwashwa haizimwi mpaka iende ikafike ufukweni irudi, hata kama ni ya kumpisha mbuzi.

Kwa hivyo hiyo ya Nyali, kama ni lazima ukaione, fanya hivi. Aiendeshe nusu saa ipate moto sawasawa, aizime, mwende mkanywe chai dakika kumi, halafu umwambie awashe tena. Ikisita, ikazungukazunguka ndio iwake, kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, imekwenda, na hapo unazungumzia ovaholi ya injini ambayo mafundi wanaoijua kweli pwani nzima utawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na utabakisha vidole. Wala wasikuletee ile geji ya kawaida ya kupimia kompresheni, kila rota ina vyumba vitatu na ile geji inakusomea kimoja tu kikubwa inaficha vibovu. Na namba ya usajili ya KBN isikudanganye eti gari si nzee sana. Kenya gari haishuki Kilindini ikiwa imepita miaka minane, hiyo ni ya 2004, imeingia na umri wake wa miaka saba, na RX-8 za mwisho kabisa zilitoka kiwandani 2012. Hakuna nyingine zitakazokuja. Zote zilizoko ni hizihizi, zishapita mikono mitano sita, na kila mkono ulikuwa na fundi wake na gundi yake.

Umesema pia Impreza, ati kwa sababu Subaru ni gari ya mbio za Safari Rally. Ni kweli, dereva Colin McRae alishinda nayo 1997 na Richard Burns akashinda nayo 2000, lakini wale nyuma yao kulikuwa na gari zima la spea na helikopta juu, we nyuma yako utakuwa na mimi na jeki. Utani kando, Subaru yenyewe ni gari nzuri na spea zipo mpaka hapa Malindi, tatizo ni watu waliokuwa nazo. Kuipata WRX, yaani ile Impreza yenye turbo, ambayo haijawahi kuchezewa ni kama kupata kamba wa bure. Kijana ameshaongeza presha ya turbo, ametoboa eksozi, ameondoa kichujio cha hewa cha kiwandani, amechoka nayo, sasa anauza "haina shida hata moja". Ukiona eksozi kubwa kama sufuria ya pilau, geuza urudi. Ukiipata iliyokuwa ya mzee mmoja mtulivu, namba zote za injini na logbuku zinaoana, nipigie hata saa nane ya usiku.

Ile 86 ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika badala ya kukujibu kwa sauti. Hiyo nimeipenda. Ya 2014, KDB, injini lita mbili haina turbo, farasi mia mbili, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, bodi nyepesi. Toyota na Subaru waliiunda pamoja kwa hivyo injini ni ile ya Subaru ya kulala, pistoni zake zimelala ubavu, na za 2012 na 2013 ziliitwa kiwandani kwa ajili ya springi za valvu, hiyo yako ya 2014 afadhali lakini uliza bado. Ukikanyaga katikati kama mizunguko elfu nne hivi kwenye geji utahisi inapumzika kidogo kabla ya kuondoka tena, usishtuke, zote ziko hivyo. Viti vya nyuma ni vya kuwekea begi, usidanganywe, binadamu mwenye miguu hakai. We bado hujaoa, sawa, lakini Ijumaa mamako akitaka kupelekwa hospitali na dada zako wawili mtafanyaje?

Halafu kuna njia yenyewe. Ukikaa hapa Malindi kazi iko Watamu, ni kilomita zaidi ya ishirini kwenda na hizohizo kurudi, lami nzuri, lakini matuta! Pale Gede peke yake unapanda na kushuka kama uko kwenye mawimbi ya Shela. Hiyo 86 ikiwa haijaguswa iko juu ya ardhi sentimita kumi na tatu, na nikiangalia picha yako ya pembeni naona tairi limeingia ndani ya bodi, yaani mtu ameishusha. Nenda na ngumi yako, uiweke chini ya bampa la mbele ukiwa umesimamisha kidole gumba. Kisipoingia bila kugusa, kila siku asubuhi na jioni utakuwa unapanda tuta kwa upande kama kaa huku matatu iko nyuma inakupigia honi. Springi za kiwandani zikiwa bado anazo kwenye stoo, sharti zirudishwe kwanza, na gharama ni yake.

Lakini Shee, kutu ndio jambo kubwa kwetu na wala watu hawaliangalii. Wanaangalia rangi. Gari zinatoka Japani, kule kaskazini kama Hokkaido barabara za theluji zinamwagiwa dawa ya chumvi, zinakuja zimeshaliwa chini kimyakimya, halafu zinakuja kukaa hapa kwa upepo wa bahari. We utakuwa unaiacha Mokowe kila ukienda kwenu kuvuka, hatua mia kutoka majini, siku mbili tatu. Mi naiosha yangu chini kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, zaidi kuliko ninavyoiosha juu, watu wananiona mwendawazimu. Sasa hapa ndipo unapowazidi wote: babako anagonga ubao wa dau kwa kinyundo anasikia palipooza, wewe umekaa naye tangu mdogo, masikio unayo. Iinue hiyo gari kwa jeki, ulale chini na tochi, ugonge taratibu pale pa kuwekea jeki, kingo za chini ya milango, na vinapofungiwa vyuma vya shokabu. Chuma kizima kinalia. Kikisema "pu" na vumbi jekundu likakuangukia usoni, hamna tena mazungumzo ya bei.

Kama una subira ya miezi miwili mitatu kuna njia nyingine, nayo ni hii ambayo najua utaicheka: agiza Swift Sport moja kwa moja kutoka Japani. Tulia kwanza. Sisemi Swift ya teksi. Ile ya umbo lililoanza kutoka 2017, milango minne na wa nyuma, injini ya sisi 1400 yenye turbo, farasi 140, na gari yenyewe ya gia za mkono haifiki hata tani moja. Ina kilo 970! Nimeiendesha ya mgeni mmoja hapa Silversands, tulikwenda nayo mpaka Kilifi kurudi, nilishuka natetemeka. Iko chini ya sisi 1500 kwa hivyo ushuru wake wa bidhaa, ile excise, si kama wa lita mbili, viti vya nyuma mamako anakaa na kitambaa cha mandili hakimtoki kichwani. Na yenyewe si ndefu kwenda juu, matuta utayaheshimu vilevile. Pia kule kwao inanyweshwa petroli ya oktani mia (kipimo cha petroli kustahimili kubanwa ndani ya injini), yetu iko chini ya hapo, kwa hivyo jua la saa saba na gari imejaa watu usiikamue.

Ukiagiza, karatasi ya mnada wa Japani, ile ya ukaguzi wa gari, ndiyo ya kusoma, achana na picha. Gredi 4 au 4.5 ni salama. Ukiona R au RA imegongwa ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari A ni mkwaruzo, U ni bonde, W imenyooshwa ikapakwa rangi, XX hilo bati si lake limebadilishwa, na S ni kutu. Mi huanza na S. Nitumie karatasi kabla ya kutuma pesa, tafadhali, kabla, si baada.

Unaniuliza gia za mkono au otomatiki. Za mkono. Nunua ya mkono sasa ungali una hamu ya kujifunza.

Kwa hivyo mpango ni huu. Jumamosi panda basi la asubuhi, mi ntakungoja stendi hapa, tuteremke Mombasa pamoja tukaione hiyo 86. Pesa usije nazo hata shilingi, nakujua. Njoo na kile kinyundo cha babako, tochi, na nguo ya kulalia chini. RX-8 tutaipita bila kuisalimia. Na mkate wa mofa usisahau, hapa kwetu hawaujui.

Wako,
Kazungu

Nimesahau. Utaniuliza mbona mi bado ninayo yangu. Juzi saa kumi na mbili asubuhi nimetoka Watamu, barabara tupu, msitu upande mmoja, nikaiacha gia ya pili ipande, elfu saba, elfu nane, inaendelea tu, hailalamiki, sauti kama nyuki wote wa Arabuko wamekubaliana. Nikafika Gede natabasamu peke yangu. Nikasimama hapo petroli, nikachomoa kijiti, nikaongeza tena nusu lita ya oili.