Barua kwa mwanangu: shule za Kent na matokeo yake

Mwanangu kipenzi,

Nimeupata ujumbe wako wa sauti, na nimeusikiliza tena ili nisikujibu nusunusu. Unasema binti ya mjomba wako amekwambia kwamba huku Uingereza kuna shule za wenye akili na shule za waliobaki, na kwamba ukikosa hizo za kwanza ndiyo basi tena. Nimeona nikuandikie, maana jambo hili ni refu kuliko simu, na nataka ulijue vizuri kabla hujapanda ndege.

Maneno yake yana ukweli, lakini ni ukweli wa mahali. Kama ningekuwa nauguza wagonjwa Sheffield au Cardiff, usingeyasikia. Mimi niko Kent, na Kent ni katika sehemu chache za England zilizong'ang'ania mtihani wa kuwachuja watoto mlangoni mwa sekondari. Watoto hufanya mtihani huo Septemba, mwanzo tu wa mwaka wao wa mwisho wa msingi, wengi wao wakiwa bado na miaka 10. Wanaofaulu wanaweza kuomba nafasi katika shule za grama. Waliobaki huenda shule nyingine, na baadhi yao huingia huko wakiwa wameshaamini kwamba wamefeli maisha.

Mfumo huu ulienea England na Wales baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1944. Sheria ile ilileta jambo kubwa la heri, kwamba kila mtoto asome sekondari ya serikali bila kulipa ada, lakini watoto wakagawanywa wakiwa na miaka 11. Mwaka 1965 waziri wa elimu, Anthony Crosland, alitoa waraka wa kuzitaka halmashauri ziachane na mchujo na kufungua shule zinazopokea watoto wote. Nyingi zilikubali. Hata Margaret Thatcher, alipokuwa waziri wa elimu miaka ya mwanzo ya 1970, alipitisha mipango mingi sana ya namna hiyo. Shule za grama zilikuwa zaidi ya 1,200. Leo England nzima zimebaki 163, na tangu mwaka 1998 sheria inakataza kuanzisha mpya. Scotland na Wales hazina hata moja ya serikali inayochuja watoto hivyo. Ireland ya Kaskazini bado wanazo.

Sasa fikiria shule unazozijua huko kwetu Tanzania. Kilakala na Tabora Wasichana huchukua watoto waliofanya vizuri mno darasa la saba, kutoka nchi nzima. Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, Daraja la Kwanza limejaa, nasi tunasema shule zile zinafundisha. Zinafundisha, sikatai. Lakini mwalimu wa shule ya kata aliyempokea mtoto asiyejua kusoma sawasawa, akamtoa na Daraja la Tatu, huyo kafanya kazi gani? Nani humpigia vigelegele? Mwaka 2023 NECTA, baraza letu la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora, na mimi niliposikia habari ile nilifurahi, kwa sababu orodha zile zilikuwa zikiwatangazia wenye shule biashara zaidi ya kumsaidia mzazi.

Huku orodha zipo, na serikali yenyewe ndiyo inayochapisha takwimu za kila shule tangu mwaka 1992. Magazeti huzichukua na kuzipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Usizisome hivyo, mwanangu. Shule ya grama inayoonyesha watoto karibu wote wamefaulu hesabu na Kiingereza inakueleza kwanza kabisa ni nani aliruhusiwa kuingia. Watoto wa kaya maskini katika shule hizo ni wachache sana ukilinganisha na shule za jirani, na wazazi wenye uwezo huwalipia watoto wao tuisheni ya mtihani ule muda mrefu kabla ya siku yenyewe. Hayo ninayaona kwa macho kwa wenzangu kazini. Simlaumu mzazi anayempigania mtoto wake, ila sikubali kwamba mtihani wa mtoto wa miaka 10 aliyefundishwa nyumbani kwa pesa unapima akili tupu.

Ndiyo maana tangu mwaka 2016 kuna kipimo kingine, kinaitwa Progress 8. Chenyewe hakiulizi mtoto kapata ngapi tu. Huangalia alikuwa wapi alipomaliza msingi, kisha humlinganisha na watoto wa nchi nzima waliokuwa pale pale alipokuwa yeye, katika masomo manane, huku hesabu na Kiingereza vikipewa uzito mara mbili. Shule ikipata sifuri, watoto wake wamekwenda mwendo wa kawaida. Ikipata 0.5, kila mtoto kwa wastani kapanda nusu alama zaidi katika kila somo. Ikiwa chini ya sifuri, wamebaki nyuma ya wenzao. Ukikaa ukatazama kipimo hiki unaweza kukuta shule isiyochuja mtu, yenye watoto waliotoka nchi mbalimbali, imeipita shule yenye jina kubwa. Kutangulia si kufika.

Lakini nacho kina mapengo yake. Mwaka 2020 na 2021 mitihani ya kumaliza msingi haikufanyika kwa sababu ya korona, kwa hiyo watoto wa mwaka wa 11, ule wa mitihani ya GCSE ya kumaliza sekondari, wa 2025 na wa 2026 hawana pa kuanzia kuhesabiwa, na kipimo hakitolewi kwa miaka hiyo miwili. Inabidi mzazi arudi kwenye takwimu za mwaka 2024 na nyuma yake, azitazame kwa miaka kadhaa. Wewe mwenyewe pia hutahesabiwa humo, kwa kuwa msingi umesomea Tanga. Wala usione umeachwa. Maana yake ni kwamba namba ya shule haitasema chochote juu yako.

Tena kuna kioja kimoja. Shule za kulipia, ambazo husomesha kama asilimia 7 tu ya watoto wa England, mara nyingi hutumia mtihani uitwao IGCSE badala ya GCSE, na serikali haiuhesabu katika orodha zake. Basi ukifungua takwimu za miaka ya nyuma utakuta shule zenye majumba ya fahari na viwanja vya kila mchezo zimeandikwa mkiani kabisa, kana kwamba watoto wake hawajui kusoma. Huko hatuendi. Eton ilianzishwa na mfalme Henry wa Sita mwaka 1440 kwa ajili ya watoto 70 wasio na uwezo, na leo ada yake inapita pauni 60,000 kwa mwaka.

Aina nyingine za shule utazizoea ukifika, wala zisikuumize kichwa. Utaona nyingi zimeandikwa akademi. Za kwanza zilifunguliwa mwaka 2002 kwa ajili ya kuokoa shule zilizokuwa zimedorora, kisha sheria ya 2010 ikazifungulia mlango shule zote, na sasa sekondari nyingi za England ndizo hizo. Hupata fedha moja kwa moja kutoka serikali kuu, si halmashauri, na nyingi huendeshwa na taasisi moja inayosimamia shule kadhaa. Ziko za kanisa, chache za Kiislamu, na zilizobaki chini ya halmashauri. Kote huko hatulipi ada. Neno akademi langoni halikwambii kama mwalimu wa hesabu anakaa au anaondoka kila muhula, na mimi nikienda kuitembelea shule hilo ndilo ninaloliuliza kwanza.

Sasa tuje kwako, maana matokeo ya shule ni ya shule, na yako ni yako. Huku hakuna Daraja la Kwanza wala Sifuri. Hawajumlishi pointi zikatoa neno moja la kukubandika. Kila somo la GCSE lina alama yake, na alama huanzia 1, ambayo ndiyo ya chini, hadi 9. Kwa hiyo geuza ulichozoea: huku namba kubwa ndiyo furaha. Alama 4 ni kufaulu, 5 ni kufaulu kwa nguvu, 7 inaanzia pale ilipokuwa A ya zamani, na 9 wanaipata wachache kuliko waliokuwa wakipata A yenye nyota. Namba hizi zilianza mwaka 2017 kwa hesabu na Kiingereza, masomo mengine yakafuata. Wales bado wanatumia herufi, na Scotland wana mitihani yao tofauti kabisa.

Hapa tulia unisikilize. Hesabu, sayansi na lugha za kigeni zina karatasi za ngazi mbili. Ya chini inaitwa Foundation, ya juu inaitwa Higher. Mtoto akiingizwa Foundation, hata akipata kila swali, hawezi kupewa zaidi ya alama 5. Mlango wa 6, 7, 8 na 9 uko Higher peke yake. Na shule nyingi zikitaka kumpokea mtu kwa A-level ya hesabu, yaani masomo ya baada ya GCSE, humdai 6 au 7. Uamuzi wa mwisho hufanywa mwaka wa 11, lakini kwa kweli huwa umeanza zamani, siku mtoto alipopangwa kundi darasani. Mgeni ambaye Kiingereza chake bado kinachechemea anaweza kuwekwa kundi la chini la hesabu, si kwa sababu hajui hesabu, bali hakuelewa swali. Hilo ndilo ninaloliogopa juu yako kuliko grama na orodha zote za magazeti. Wewe hesabu unaziweza. Kwa hiyo kuanzia leo chukua daftari, andika maneno ya hesabu uliyosoma kwa Kiswahili, mzingo, kipenyo, wastani, kigawe kidogo cha shirika, na kila moja ulijue kwa Kiingereza chake. Mwombe mwalimu wako akusaidie. Na ukishaingia darasani huku usione haya kuuliza: mimi nimo katika kundi la karatasi gani, na nifanye nini nipande? Nami nitauliza kwa upande wangu, kila siku ya wazazi.

Utaingia mwaka wa 9, kwa sababu huku mtoto hupangwa kwa tarehe ya kuzaliwa, kuanzia Septemba 1 hadi Agosti 31, hata awe amemaliza darasa gani kwao. Shule nyingi mwaka huo ndio wa kuchagua masomo. Hesabu, Kiingereza na sayansi ni lazima kwa wote. Ninakuomba ubaki na historia au jiografia, na lugha moja. Mitihani yenyewe huja ukiwa na miaka 16, na matokeo hutolewa Alhamisi moja ya Agosti, wiki moja baada ya yale ya A-level. Anayekosa 4 ya Kiingereza au ya hesabu huendelea kuisoma baada ya hapo, hata kama kaenda chuo cha ufundi. Kisha kuna A-level, ambazo wengi husoma masomo matatu kwa miaka miwili, au T Level iliyoanza 2020, inayochanganya darasa na kazi halisi.

Na grama je? Zinaweza kukupa mtihani wao ukija katikati, kama nafasi ipo, na tukitaka tutajaribu. Ila jua kwamba ukiwa na miaka 16 hupokea watoto kutoka shule nyingine kwa A-level, kwa kuangalia alama za GCSE. Binti ya mjomba wako hakukwambia hilo.

Na nikisema namba za shule si zako, nina sababu. Mwaka 2020, mitihani ilipofutwa, walitumia kompyuta kukadiria alama za A-level, na hesabu ile ilitazama matokeo ya zamani ya shule ya mtoto. Karibu asilimia 40 ya alama zilizopendekezwa na walimu wa England ziliteremshwa. Mtoto hodari katika shule isiyo na jina alivutwa chini na waliomtangulia, watu asiowajua. Wanafunzi wakaingia barabarani kwa hasira, na tarehe 17 Agosti serikali ikarudi nyuma, ikawapa alama za walimu wao. Nilikuwa wodini siku ile, wagonjwa wakiizungumza habari hiyo kitanda kwa kitanda, nami nikikufikiria wewe.

Shule ninayoitazama haichuji mtu. Iko njia moja ya basi kutoka kwangu. Takwimu zake za miaka iliyopita zinaonyesha watoto wanapanda, na walinieleza bila kusitasita namna wanavyomsaidia mtoto anayekuja na lugha nyingine. Nimewaandikia, nasubiri jibu.

Mwambie bibi akutolee cheti chako cha kuzaliwa, mkikague pamoja, tarehe ifanane na ya pasipoti, maana ndiyo watakayoitumia kukupanga darasa. Ripoti za darasa la sita na la saba mzipige picha mnitumie wiki hii, hasa ukurasa wa hesabu. Na lile daftari uje nalo mkononi, usilitie kwenye sanduku. Mpe bibi shikamoo yangu, na mjomba pia.

Mama yako