Barua ya wazi kwa Msimamizi Mkuu wa Hifadhi ya Martin Luther King, Atlanta: Jengo la Prince Hall lina wenyewe

Mheshimiwa Msimamizi Mkuu,

Tangu Januari 2018, sheria ilipopanua mipaka ya hifadhi unayoisimamia, Jengo la Wamasoni (yaani Frimasoni) wa Prince Hall, chama cha kindugu cha watu weusi, katika barabara ya Auburn limo ndani ya mipaka hiyo. Kila linapotajwa, hutajwa kwanza kwa sababu ya ofisi ya Mchungaji King, kwa kuwa SCLC, shirika la kudai haki za raia aliloliongoza, lililoundwa mwaka 1957, lilianzia kazi zake humo. Ombi langu ni kwamba simulizi ianze na wenye jengo.

Chama chao kilianzia kwa Prince Hall, mtu mweusi huru wa Boston, ambaye mwaka 1775 alipokelewa pamoja na wenzake 14 na kundi la Wamasoni waliokuwa katika jeshi la Uingereza, na ambaye hatimaye alipewa hati ya kuendesha tawi lake iliyotolewa London mwaka 1784. Huko Georgia, uongozi ulishikwa tangu 1932 hadi 1961 na John Wesley Dobbs, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupanga barua ndani ya mabehewa ya posta, na ni katika uongozi wake jengo hili la matofali lilisimamishwa.

Lilijengwa ili lijitegemee. Vyumba vilipangishwa: upande wa mtaa wa Hilliard palikuwa na saluni ya bidhaa za Madam C. J. Walker, mfanyabiashara mweusi wa vipodozi vya nywele, na humo pia ilikaa WERD, redio ya kwanza nchini Marekani kumilikiwa na mtu mweusi, iliyonunuliwa na Jesse Blayton mwaka 1949. Husimuliwa kwamba King alipotaka kuzungumza redioni aligonga dari kwa mpini wa ufagio, mtangazaji wa juu akamteremshia maikrofoni dirishani. Kisa hicho kinapendwa mno, hata swali zito zaidi halisikiki: kodi ya ofisi ililipwa kwa nani? Katika mji uliotawaliwa na ubaguzi, shirika la kudai haki lilihitaji mwenye nyumba ambaye hangetishwa akalifukuza, na Wamasoni hawa walikuwa mwenye nyumba wa namna hiyo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili, ambao ni wengi hapa Clarkston, mji ulio karibu na Atlanta, wengi wetu tukitokea Kongo, tumekulia katika uvumi unaowahusisha Frimasoni na kafara na utajiri wa kishetani. Mtoto wetu akiona alama ya bikari na pembe-mraba mlangoni, hana wa kumweleza.

Kwa hiyo naomba, kwa kushirikiana na chama chenyewe, maelezo ya jengo yawataje Dobbs na wanachama wake kabla ya wapangaji wao, yaeleze ukumbi wa vikao na vyumba vya kupangisha vilivyotegemeana, na kijitabu chake kipatikane pia kwa Kiswahili.

Wako katika ujenzi wa kumbukumbu,
Mkazi wa Clarkston, Georgia