Maada iliyopatikana si maada giza

Mhariri,

Ukurasa wenu wa sayansi uliandika juzi kuwa wanasayansi wameipata maada giza, ile isiyotoa mwanga na inayojulikana kwa mvutano wake tu. Si kweli. Kilichopatikana ni maada ya kawaida kabisa iliyokuwa imepotea hesabuni, hii ya protoni na nyutroni (chembe za kiini cha atomu) iliyofanya jiwe la Bismarck hapa Mwanza, sato na sisi wenyewe.

Maada hii ni takriban asilimia 5 tu ya ulimwengu. Maada giza ni kama 27, na zilizobaki ni nishati giza, ile inayoharakisha kutanuka kwa ulimwengu. Hiyo 5 haikuokotwa: inapatikana kwa kupima hidrojeni nzito iliyoundwa dakika chache baada ya Mlipuko Mkuu, na tena kwa kupima mnururisho wa kale uliobaki tangu Mlipuko huo, ambao bado umejaa angani. Njia mbili tofauti, jibu lile lile. Ila wataalamu walipojumlisha nyota na gesi yote wanayoiona, hesabu ikagoma. Nyota zote hazifikishi hata sehemu ya kumi ya kinachotakiwa.

Mwaka 1999 wanafizikia wa anga Cen na Ostriker walionyesha kwa kompyuta kwamba sehemu kubwa ya maada hiyo huenda ni gesi iliyotawanyika baina ya galaksi, yenye joto la nyuzi laki moja hadi milioni kumi, nyepesi mno kuonekana. Aliyewahi kusimama Capri Point, kando ya Ziwa Victoria, usiku usio na mbalamwezi anajua: taa za wavuvi wa dagaa unaziona, maji huyaoni, na ziwa ni maji.

Gesi hiyo ilinaswa kwa milipuko ya redio ya kufumba na kufumbua kutoka galaksi za mbali, iliyotangazwa mara ya kwanza mwaka 2007. Gesi ya moto hivyo ina elektroni huru, zilizong'oka kwenye atomu. Mawimbi yakizipita, yale ya masafa ya chini (mitetemo michache kwa sekunde) huchelewa; ukipima ucheleweshaji, umezihesabu elektroni zote za njiani. Mwaka 2020 mwanaanga Macquart na wenzake, kwa darubini ya redio ya ASKAP ya Australia, walipiga hesabu hiyo ikatimia.

Nilipoyaeleza haya darasani, binti mmoja alichukua prizimu yetu, kile kioo cha kutawanya mwanga kuwa rangi, akaniambia: "Mwalimu, humu anayechelewa ni wa masafa ya juu, zambarau." Kweli kabisa. Kwenye kioo ni zambarau, kwenye elektroni huru ni kinyume chake. Jambo hilo mwandishi wenu hakulifikiria.

Milipuko hiyo ya redio husakwa pia Karoo, Afrika Kusini, kwa darubini ya MeerKAT, na huko huko zinajengwa antena za mradi wa SKA, darubini kubwa ya redio ya kimataifa. Kenya, Zambia na Msumbiji zilijiunga mapema kama nchi washirika wa Afrika. Sisi Watanzania hatukuwamo. Badala ya kutafsiri vichwa vya habari mbio mbio, mtumeni mwandishi wenu akamuulize waziri husika ni kwa nini.

Mwalimu wa Fizikia,
Nyamagana, Mwanza