Simiti ikishaingia ukutani mwenye duka amebaki na nini?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme ishu inayotuumiza sisi wenye hadwea, yaani maduka ya vifaa vya ujenzi, hapa Lamu. Kijiji cha Shela majumba hayaishi kujengwa, ya wageni, ya kukodisha, na simiti na nondo zinatoka kwetu, zinashushwa Mokowe upande wa bara, zinavuka kwa boti, zikifika jeti zinapandishwa punda mpaka saiti. Na anayezipokea pale ni nani? Mlinzi. Anachora jina moja kwenye karatasi imelowa jasho basi ndio delivari noti hiyo, karatasi ya kupokelea mzigo. Baadaye kontrakta ashalipwa na mwenye nyumba, simu haipatikani, na ukimwendea mwenye nyumba anakwambia mimi sikununua kwako, mtafute uliyemkopesha. Na kisheria wala hajakosea, hapo ndipo panaponiuma.

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inamruhusu muuzaji asiyelipwa auzuie mzigo, lakini uwe bado uko mkononi mwake na awe hakukubali kukopesha, au muda wa mkopo umeshapita, au mnunuzi amefilisika. Ukishapokewa saiti haki hiyo huna tena, na simiti ikishachanganywa ndio kabisaa, utaikwangua ukutani?

Marekani walianza kulishughulikia hili 1791, jimbo la Maryland lilipitisha sheria ya kuwapa wajenzi dai juu ya jengo lenyewe wakati mji wa Washington unaanza kujengwa, na leo kila jimbo lina yake. Yaani wewe uliyeuza nondo kwa kontrakta, hata kama mwenye nyumba humjui kwa sura, unasajili dai lako na ile nyumba haiuziki vizuri mpaka ulipwe. Lakini ukilala imekula kwako. California, kama mkataba wako si wa moja kwa moja na mwenye nyumba, unatakiwa utoe notisi ndani ya siku 20 tangu ulipoanza kupeleka mzigo, kisha usajili dai ndani ya siku 90 kazi ikiisha, na mwenye nyumba akisajili notisi kuwa kazi imekwisha unabakishiwa 30 tu, halafu ukishasajili una siku 90 za kwenda kortini. Kwa hivyo mwenye nyumba kule hamlipi kontrakta kienyeji, anataka kwanza aone karatasi za wenye vifaa za kuachilia dai, maana akizubaa atalipa mara mbili. Na mwenye duka naye asitie saini ya kuachilia dai kabla hela haijaingia, wapo wanaosaini kwa ahadi tu wakaachwa mikono mitupu.

Najua kuna atakayesema Lamu viwanja vingi havina hata hati, hilo dai utalisajili wapi? Swali zuri, sina ubishi. Lakini hizo nyumba kubwa za Shela zinauzwa na kununuliwa kwa mamilioni kila siku na karatasi zinapatikana, kwa nini zisipatikane tukidai sisi? Seneta wetu na mbunge walitazame hili.

Kwa sasa tunaponea kwa karatasi. Mwenye nyumba akikwambia usijali kontrakta akishindwa nitalipa mimi, mwambie aandike na asaini, kwa sababu Sheria ya Mikataba haikuruhusu umshtaki mtu kwa ahadi ya mdomo ya kulipa deni la mwengine, hata awe aliapa mbele ya msikiti mzima. Ukiwa na saini yake na deni halizidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo inatakiwa iamue ndani ya siku 60. Mimi dukani kwangu sasa saini ya mlinzi sipokei, punda wanasimama pale mlangoni mwa saiti na mzigo wao mpaka mwenye nyumba au wakili wake atie mkono, wanaokasirika wakanunue kwengine.

Mwenye hadwea,
Lamu