Barua kwa binti yangu: kirudishe motoni

Mwanangu,

Dada yako ameniambia jambo ambalo wewe hukuliandika: kwamba usiku mkono wa kulia unakufa ganzi, vidole viwili vya mwisho, na asubuhi huwezi kufunga kifungo mpaka uusugue kwanza. Barua yako ina kurasa tatu za vifaa vya uhunzi unavyotaka kujifulia. Makoleo yamo, nyundo zimo, patasi zimo, fuawe la kufulia chuma juu yake limo. Mkono haumo. Jana usiku nimeisoma tena nikiutafuta.

Usimkasirikie dada yako. Nilimbana mpaka akasema.

Nisikilize basi, mama. Sikuandikii kukukataza. Karakana umekwisha kuifungua, tanuri umelijenga, na ile picha ya koleo lako la kwanza nimeitazama kwenye mwanga wa dirishani. Taya zinakutana sawasawa kuanzia ribiti, ile pini inayoziunganisha, hadi ncha. Koleo langu la kwanza lilibana kwa ncha tu, na kila chuma kilikuwa kikizunguka ndani yake. Nimemwonyesha mama yako, nikamwonyesha na jirani, ambaye uhunzi haumhusu hata kidogo. Lakini katika picha hiyohiyo nimeona jambo lingine. Miisho ya mikono ya koleo imeingia ndani kama mdomo wa samaki. Chuma hufanya hivyo pale ngozi yake inapotembea na moyo wake ukabaki nyuma. Ama nyundo ilikuwa nyepesi kuliko kazi, ama chuma kilikuwa kimeshapoa na wewe ukaendelea kupiga. Nakujua. Uliendelea kupiga.

Pigo ambalo chuma hakilitaki halipotei. Linarudi kwenye mpini, linapita kiganjani, linakwenda kukaa kwenye kiwiko. Likikaa humo miaka ishirini, mtu hawezi tena kuinua birika kwa mkono wa kulia. Umeniona ninavyomimina kwa kushoto.

Unasema unataka kuonyesha kwamba vifaa vyote vya mhunzi vinafulika kwa mkono, bila nyundo ya mashine. Hilo halina haja ya kuonyeshwa. James Nasmyth alipata hataza ya nyundo ya mvuke mwaka 1842. Kabla yake zilikuwepo nyundo zilizoendeshwa kwa maporomoko ya maji, ila zile zilikuwa za viwanda vikubwa vya chuma. Mhunzi wa kawaida alijifulia koleo lake, patasi yake na nyundo yake hapohapo kwenye fuawe lake. Ila hakufua peke yake. Hapo ndipo unaponitia hofu. Mhunzi alishika koleo kwa mkono mmoja na nyundo ndogo kwa mwingine, akawa anaonyesha mahali, na mwenzake aliyesimama upande wa pili akapiga hapo kwa nyundo kubwa ya kilo tatu au nne, kwa mikono miwili. Mashine ilipokuja haikuchukua kazi ya mhunzi. Ilichukua kazi ya yule wa upande wa pili.

Kwangu mimi, wa upande wa pili ulikuwa wewe. Umri uliokuwa nao siutaji hapa, mama yako anausoma ujumbe huu kabla haujatumwa.

Kwa hiyo tafuta mtu. Si lazima ajue kazi. Saa mbili kwa juma zinatosha, kama umepanga kazi nzito zote ziangukie siku hiyo. Mfundishe ishara mbili tu: nyundo yako ikigusa chuma, na yeye apige hapo; ukiilaza nyundo yako juu ya fuawe, aache. Asipige kwa hasira. Anyanyue, aiache ishuke kwa uzito wake. Na wewe usimkemee. Mtu anayekemewa hukaza mikono, na mikono iliyokazwa hukosea mahali pa kupiga. Hili nilichelewa kulijua.

Siku ambazo uko peke yako, chagua chuma kilicho karibu na umbo unalolitaka. Umeandika kwamba mikono ya koleo unaivuta kwa nyundo, iwe nyembamba na ndefu, kutoka kwenye nondo ya milimita 25 hadi milimita 10, na unataka kutengeneza makoleo kumi na mawili kabla mwezi haujaisha. Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha. Kutoka 25 kwenda 10, kila sentimita inakuwa sentimita sita na robo. Ni mikono ishirini na minne, mwanangu, na yote unaivuta kwa kiwiko kimoja. Nondo hiyo itumie kwenye taya na pale pa ribiti tu. Vuta kishina kifupi kama upana wa kiganja, halafu unga fito ya milimita 10 au 12 iwe mkono. Unga motoni ukiweza, unga kwa umeme usipoweza. Najua niliwahi kukuambia kwamba mhunzi anayeunga koleo kwa umeme ni mvivu. Wakati huo nilikuwa na mashine nyuma yangu. Au tumia ubapa wa chuma: upana wa milimita 25, unene wa 8. Upashe moto pale taya inapoishia, uusokote robo ya mzunguko, umepata koleo bila kuvuta chochote. Halina uzuri wa yale uliyoyazoea, lakini linashika.

Pale ambapo huna budi kuvuta, usivute juu ya uso wa fuawe ulio tambarare. Uso bapa unakitawanya chuma pande zote, nusu ya jasho lako inakwenda kwenye upana usioutaka. Kiweke juu ya pembe ya fuawe, ile ncha yake ya mviringo, au juu ya ule ukingo uliopigwa tupa ukawa mviringo, kisha piga. Mgongo wa pembe unakisukuma kwenda mbele na nyuma. Vikijitokeza vibonde kama ngazi, rudi kwenye uso ukavilaze. Na usikimbilie duara. Mraba kwanza, mraba mpaka unene ulioutaka, ndipo uvunje pembe zake ziwe nane, ndipo uviringishe. Anayevuta kitu kikiwa duara hukipasua moyo.

Rangi ndiyo ninayokuomba uiangalie kuliko mambo yote. Kikitoka kina rangi ya chungwa lililoiva, piga kwa nguvu. Kikishuka kuwa chekundu, piga kwa kunyoosha tu. Wekundu ukianza kuwa kama damu iliyokauka, kirudishe. Usiseme mapigo mawili ya mwisho. Mapigo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonimaliza. Sisi tunaambiwa udongo uwahi ungali maji, na chuma nacho maji yake ni moto. Yakikauka, umebaki unapigana na jiwe. Na kwa chuma cha springi ya gari, ambacho najua ndicho unachotumia kwa tindo, ubaya ni mara mbili: ukikipiga kimepoa kinaweza kupata ufa mwembamba usioonekana, na ufa huo unaujua siku unapokizamisha kwenye mafuta ukasikia kimelia. Tanuri likae na vyuma viwili kwa zamu ili mkono usione haja ya kung'ang'ania kimoja. Visiwe vitatu. Kimoja utakisahau kitoe cheche, na chuma cha namna hiyo kikishatoa cheche kimeungua, hakirudi.

Vidole viwili vya mwisho, alisema. Kwa hiyo unaukaza mpini. Nilikufundisha kuushika kama mtu aliyemkamata nyoka. Ushike sasa kwa kidole gumba na viwili vya kwanza, hivyo vingine viufuate tu, na nyundo ikirudi kutoka kwenye chuma iachie irudi yenyewe. Punguza unene wa mpini kwa tupa mpaka ncha za vidole zikaribie kiganja. Angalia na kimo cha fuawe: simama wima, ning'iniza mkono, ukunje ngumi, vifundo vya ngumi viguse uso wake. Langu lilikuwa juu kuliko hapo, nawe ulijifunzia hapo, kwa hiyo huenda umelijenga lako kwa kimo cha langu. Lipime leo.

Ile nyundo ya kilo mbili unayotaka kujifulia, ifue siku mwenzako yupo, na ukishaifua usiitumie kila siku. Ya kilo moja inakutosha. Tundu la mpini ndiyo kazi yenyewe, hayo mengine ni kusawazisha. Weka alama katikati ya pande zote mbili kabla ya moto, uzipime mara tatu, kwa sababu tundu likikaa upande nyundo hiyo itakuvuta kifundo cha mkono maisha yake yote. Kipashe mpaka moyoni. Kipande kinene kinadanganya, ngozi inang'aa na ndani bado. Simamisha chuma cha kutobolea, piga manne, kitoe, kichovye kwenye maji, tia unga wa mkaa kidogo ndani ya shimo ili kisinate, rudisha, manne tena. Ukihisi kinagonga pagumu kama kimefika sakafuni, geuza upesi. Upande wa pili utaona kivuli cheusi pale chuma kilipopoa kwa kubanwa. Elekeza hapo, piga, na kijidonge kinaanguka chini kwenye tundu la fuawe. Mimi mpaka leo nikikisikia kikianguka nafurahi. Baadaye panua kutoka pande zote mbili ili tundu liwe pana midomoni na jembamba katikati, mpini ushike. Ukiwa peke yako, funga mnyororo upite juu ya fuawe wenye uzito unaoning'inia upande mmoja, ukushikie chuma. Usikibane kwa goti. Nimekuona ukibana kwa goti.

Kutia ugumu unajua kuliko mimi, umesoma. Sumaku ikiacha kushika, karibu nyuzi 770, ongeza kidogo, zamisha uso tu, tundu libaki laini. Kwa tindo la kukatia chuma baridi, ruhusu rangi ya joto itembee juu ya chuma mpaka zambarau. Vya kutobolea chuma cha moto usivihangaikie, ugumu wake unakufa kwenye kazi ya kwanza.

Kichwa cha tindo kiache laini, na kikianza kuchanua kama uyoga, kisage siku hiyohiyo. Hiyo alama iliyo juu ya jicho lako wewe hulizungumzii suala lake, na mimi sijawahi kuulizwa. Tindo lilikuwa langu. Lilikuwa limechanua majuma mengi, na jiwe la kusagia lilikuwa hatua nne kutoka niliposimama.

Vaa miwani. Ziba masikio. Usitie motoni bomba lililopakwa zinki, moshi wake unampa mtu homa, wala bomba lililozibwa pande zote mbili.

Kuhusu nyundo ya mashine, najua unadhani niliiuza kwa sababu sikuamini kwamba utarudi kwenye kazi hii. Dada yako aliniambia na hilo. Deni lilikuwepo, hilo ni kweli, lakini kweli pia sikukuuliza, na ulikuwa chumba cha pili siku walipokuja kuibeba. Aliyeinunua bado anaitumia. Mwezi uliopita nilipita karibu na kwake nikausikia mdundo wake, nikageuza njia.

Kwa hiyo ukiniambia kwamba unafua kwa mkono kwa kupenda, nakuamini nusu. Nusu nyingine nadhani unanionyesha mimi. Nimeshaona, mwanangu. Koleo lile nimeshaliona. Makoleo manne mazuri yanatosha kufungulia kazi: la ubapa, la fito nyembamba, la fito nene, na moja la kushikia vichwa vya nyundo. Hayo mengine yatafuliwa kadiri kazi itakavyoyadai. Kumi na mawili ndani ya mwezi mmoja amekutuma nani?

Nenda kwa daktari. Siyo nikimaliza hili, siyo baada ya wateja wa kwanza. Ganzi inayokuja usiku na kuondoka asubuhi bado inasikia dawa na mapumziko. Yangu niliiacha mpaka ikawa inakuja mchana.

Mama yako goti linampa nafuu, sasa anapanda ngazi mwenyewe, anakusalimu sana na anauliza kama yale mashuka yalifika. Paa la stoo limetoboka palepale pa zamani, maji yanadondokea kwenye mvukuto. Nimeusogeza na kuufunika, ngozi yake bado nzima. Ukiutaka, sema, nitamtafuta mtu wa kuuleta. Usitumie feni muda wote kupulizia moto, inakuchomea mkaa bure. Kaka yako amepata kazi ya zamu za usiku, analala mchana kutwa na nyumba nzima tunatembea kwa vidole. Jiriwa kubwa la kubania chuma nimelisafisha kutu na kulipaka mafuta. Hilo siliuzi, limeandikwa jina lako kwa chokaa ukutani juu yake, na kila mtu hapa anajua.

Bawaba ya lango la nyuma imekatika. Ningeifua jana, chuma kilikuwa tayari, nikakiacha. Nitaifua Jumamosi, dada yako akiwepo anipigie nyundo kubwa.

Nijibu upesi, na uanze na vidole.

Baba yako