Barua kwa mwanangu: mkono chini ya gunia

Kirumba, Mwanza

Mayu,

Mwangaluka. Ujumbe wako niliupata juzi usiku, nikausoma mara mbili, nikaizima simu. Unaniuliza: "Baba, hivi insha ya hoja inafundishwaje? Kidato cha tatu wamenishinda." Nimeona nikujibu kwa barua, maana jibu lina aibu ndani yake, na aibu haiandikiki kwa kidole gumba.

Nilifundisha insha miaka 31. Unajua nilivyofundisha, kwa sababu hata wewe nilikufundisha hivyo hivyo pale sebuleni: kichwa kwa herufi kubwa, utangulizi, kiini, hitimisho, na methali mwanzoni kama kofia. Kuna jioni nilisahihisha madaftari 58 ya insha moja, na zaidi ya nusu yalianza na "Elimu ni ufunguo wa maisha". Nikawa nagawa alama, huyu 12, yule 14. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anabishana na mtu. Sasa nani anaipinga elimu? Lakini mimi ndiye niliyewapa mada, na mimi ndiye niliyewapa kofia.

Aliyenifumbua macho ni mama yako. Nilipostaafu nikaanza kumfuata sokoni Mwaloni kumwandikia daftari la mauzo ya dagaa. Asubuhi moja akaja mnunuzi wa mzigo wa Kongo, mtu mfupi, mkimya. Mama akafungua gunia. Dagaa wa juu walikuwa wanang'aa, vichwa vizima, hata mimi nisiyejua biashara niliwasifu. Yule bwana hakuwatazama. Alikunja mkono wa shati hadi begani, akazamisha mkono hadi chini kabisa ya gunia, akatoka na konzi moja. Akaimwaga kwenye kipande cha boksi, akakitikisa, akainamisha uso kutafuta mchanga. Kisha akatia dagaa mmoja mdomoni akatafuna polepole, akisikiliza kwa meno.

Mama yako muda wote kimya. Yule alipomaliza kutafuna, ndipo akasema: "Hawa ni wa chanja." Akanyamaza tena, halafu bila kuulizwa akaongeza: "Gunia lile la mwisho lilinyeshewa kabla halijakauka, bei yake nyingine." Mnunuzi akacheka. Akachukua yote, na lile la mwisho pia.

Nilirudi nyumbani nikamtafuta Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, kwenye makaratasi yangu ya chuo, yale uliyotaka kuwashia mkaa. Miaka zaidi ya 2,300 iliyopita alisema msemaji hushawishi kwa njia tatu: jinsi anavyojionyesha kuwa mtu wa kuaminika, jinsi anavyougusa moyo wa msikilizaji, na hoja yenyewe. Tena alisisitiza kwamba uaminifu huo uzaliwe ndani ya maneno yanayosemwa, usiegemee sifa ambazo mtu alikuja nazo. Yule mnunuzi hakumjua mama yako. Alimjua kwa lile gunia lililonyeshewa.

Halafu tazama hilo neno "wa chanja". Ni nusu ya hoja. Nusu ya pili, kwamba dagaa aliyeanikwa juu ya chanja hagusi mchanga, alikuwa nayo mnunuzi kichwani, akaiunga mwenyewe. Aristotle hoja ya namna hiyo aliiita enthimema, na aliiona kama moyo wa balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno. (Sisi neno balagha tumelibana hadi likabaki kwenye "swali la balagha" tu, kipengele cha kukariri kwa ajili ya mtihani.) Lakini hoja hiyo hiyo ukiipeleka huko Singida, kwa mtu asiyewahi kuona dagaa wakianikwa ufukweni, inakufa. Huyo lazima umpe nusu zote mbili. Kwa hiyo kabla mwanafunzi wako hajaandika sentensi ya kwanza, mwulize anamwandikia nani. Mimi sikuwahi kuuliza. Wote walikuwa wananiandikia mimi, na mimi nilikuwa nalipwa kusoma.

Mwingereza mmoja, Stephen Toulmin, mwaka 1958 aliipasua hoja vipande. Kuna dai, kuna ushahidi, na katikati kuna kile kinachokuruhusu kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai. Hicho cha katikati ndicho watoto wanachokiruka. Wanaandika "Uvuvi haramu upigwe vita", mstari unaofuata "Sangara wamepungua", wanaendelea na safari. Dai liko Busisi, ushahidi uko Kigongo, ng'ambo ya pili ya maji, kama enzi zile daraja halijajengwa. Ukiona hivyo usiandike "fafanua". Hilo neno nimeliandika kwa wino mwekundu miaka yote ile na sijui lilimsaidia nani. Andika "kwa hiyo?" Mtoto akilijibu hilo, daraja amelianza.

Uliniuliza pia kama kumfundisha mtoto kushawishi si kumfundisha uongo. Swali hilo ni la zamani. Plato, mwalimu wa Aristotle, katika maandishi yake alimfanya mwalimu wake Socrates aifananishe balagha na upishi: mpishi anakupa kitamu, tabibu anakupa kinachoponya, na ukiwapeleka mbele ya watoto wachague, tabibu atalala njaa. Babu yako angemwelewa vizuri. Alikuwa wa chama cha ngoma cha Bagalu, na kila baada ya mavuno alikwenda kushindana na mahasimu wao, Bagika. Unajua mashindano ya ngoma za Kisukuma yanavyoamuliwa: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna jaji mwingine. Babu alikuwa mtunzi, nyimbo zake zilikuwa na maneno ya kupima, na alisimulia hadi uzeeni jinsi watu walivyokuwa wamewazunguka wanamsikiliza, mara upande wa pili akatolewa chatu kwenye sanduku. Uwanja mzima ukahama. "Nilibaki na mbwa na shemeji yangu," alikuwa anasema.

Quintilian, aliyefundisha balagha kule Roma katika karne ya kwanza, alishikilia kwamba msemaji kamili lazima kwanza awe mtu mwema. Hapo simfuati. Nimewasikia wasemaji wazuri sana waliokula fedha za ushirika wetu. Ninachoamini ni kidogo kuliko hicho: aliyewahi kufunzwa jinsi chatu anavyotolewa sandukuni, akimwona tena hatakimbia haraka hivyo.

Tena usisahau inavyosimuliwa kwamba elimu hii ilianzia wapi: Sirakuza, kisiwani Sisilia, karne ya tano kabla ya Kristo. Madikteta walikuwa wameng'olewa, watu wakarudi kudai mashamba yao, na kila mmoja alipaswa kujisemea mbele ya wazee wa kesi. Kesi za ardhi, mayu. Mtu yeyote mwenye kibanda kwenye vilima vya Mabatini anaielewa balagha kuliko mimi.

Na mimi mwenyewe nilishindwa mtihani. Maji yalipokuwa yanaingia nyumba za huku chini, majirani walinituma niandike barua kwa ofisi inayohusika, kwa kuwa mimi mwalimu. Nikaandika kurasa tatu, "kwa heshima na taadhima", methali mbili, na aya nzima juu ya maana ya maendeleo. Miezi minane kimya. Kijana wa bodaboda wa hapa jirani akachukua karatasi moja. Akaorodhesha tarehe nne ambazo maji yaliingia, nyumba ngapi, mtaro umeziba mahali gani. Mwishoni akaandika: "Mkisema bajeti hakuna, tunaomba karavati moja tu, kuchimba tutachimba wenyewe." Fundi wao alikuja baada ya wiki mbili. Mtaro mpaka leo ni nusu, lakini ni nusu zaidi ya ile iliyoletwa na methali zangu. Yule kijana alikuwa darasani kwangu. Nilimpa 9 kati ya 20.

Basi jaribu hivi. Wagiriki na Warumi walikuwa na zoezi ambalo mwanafunzi analitetea jambo, kisha siku nyingine analibomoa jambo lile lile. Wape mada inayowauma, kama simu shuleni au michango ya mitihani. Wa kutetea waandike, kisha wabadilishane na wa kupinga, na asiyeweza kuandika hoja ya mwenzake hadi mwenzake akubali kwamba ndiyo yake, asiruhusiwe kuijibu. Watanuna. Midahalo yetu ya "mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda" imewazoesha kupigiwa makofi, na hapa hapatakuwa na makofi.

Mama yako anakusalimu. Mbalamwezi imeingia kwa hiyo wavuvi wamepumzika, na yeye anapumzika kwa kunigombeza. Nimempa kondakta wa basi la kesho kiroba cha dagaa kwa jina lako. Mama ndiye aliyefunga, mimi nimebeba tu. Ukifika stendi usikipokee kabla hujaingiza mkono.

Baba yako