Harambee ya Macho: Tusaidieni Kumaliza Kilichoanzwa

Ndugu wanachama, wazazi, walimu na marafiki wa klabu,

Tarehe 1 Julai nitapokea uongozi wa klabu yetu ya Lions, mtandao wa kimataifa wa klabu za watu wanaojitolea kuhudumia jamii, na tarehe 30 Juni mwakani nitaukabidhi kwa mwingine. Ndivyo mwaka wa Lions unavyokwenda duniani kote. Miezi 12 si mingi, na kila rais mpya hushawishika kuanzisha mradi wake, wenye jina lake na picha zake. Mimi sianzishi kitu. Nawaomba mchango wa kumalizia kazi ya macho tuliyoachiwa na walionitangulia.

Kazi yenyewe ina umri. Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima wa Chicago, alianzisha Lions mwaka 1917. Mwaka 1925 Helen Keller, ambaye hakuwa akiona wala kusikia, alikwenda kwenye mkutano wao mkuu Ohio akawataka wajitoe kuwatetea wasioona. Wakakubali, na hadi leo macho ndiyo shughuli inayotutambulisha. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2019, lilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa walau bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Wengi wanahitaji miwani tu, au upasuaji wa mtoto wa jicho.

Kupima si kazi. Ukiwa na ubao wa herufi, kamba ya kupimia umbali na watu wachache wenye subira, darasa zima linakwisha asubuhi moja. Kazi ni baada ya hapo. Mtoto anapewa karatasi ya rufaa, anaifikisha nyumbani, nauli hakuna, karatasi inalala kabatini. Bibi anaambiwa ana mtoto wa jicho; anaogopa kisu, tena hana wa kumsindikiza. Tukitaja idadi ya waliopimwa, ripoti inapendeza. Tukiulizwa wangapi walipata miwani, sauti zinashuka. Kwa hiyo heri tupime wachache, lakini kila atakayekutwa na tatizo tumfuatilie mpaka atibiwe.

Mtakachotoa kitalipia miwani, nauli za wagonjwa na wasindikizaji wao, na upasuaji kwa wasiojiweza. Hakitalipia chakula cha vikao vyetu, beji, wala safari ya rais. Kanuni za Lions ziko wazi: klabu inaendeshwa kwa ada za wanachama, na fedha iliyochangwa na umma inarudi kwa umma. Mweka hazina atatoa stakabadhi kwa kila mchango, mdogo kwa mkubwa, na hesabu zitasomwa mbele yenu kila robo mwaka, hata robo ambayo hatukufanya vizuri.

Asiye na fedha atusaidie kwa gari siku ya kliniki, au ajitolee kumsindikiza mgonjwa mmoja kwenda na kurudi. Miwani ya zamani iliyo nzima tunaipokea pia. Iliyopasuka, tafadhali, ibaki nyumbani. Huwa tunaletewa na kazi yake hatuioni.

Ahadi zipokelewe kabla ya kikao cha bajeti cha mwezi Juni, hata kama utalipa kidogo kidogo. Nafasi za upasuaji huombwa mapema, na hatuwezi kumwandikisha mgonjwa kabla hatujajua kama tutamlipia.

Wenu,
Rais mteule wa klabu